Farasi Walikufa, Wapagazi Wakaibeba Vita

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu askari wapanda farasi waliopigana katika nchi hii, Tanzania ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kuanzia 1914 hadi 1918. Huenda mtu akajiuliza habari za farasi zina uhusiano gani na Songwe, mkoa ambao mtu anaweza kuzeeka bila kumwona farasi hata mmoja. Uhusiano uko hapo hapo. Kukosekana kwa farasi huku kwetu kuna sababu yake, na sababu hiyo ndiyo iliyoamua vita ile ipiganwe namna gani na nani azidi kufa. Vikosi vya farasi vimeandikiwa vitabu, vimetunziwa nembo na majina ya makamanda wao yamehifadhiwa. Lakini ukiacha kuzifuata bendera ukaifuata mizigo, utaona kwamba vita ile iliendeshwa na watu waliotembea kwa miguu na mzigo kichwani. Hoja yangu leo ni kwamba historia ya farasi wa vita katika Afrika Mashariki haiwezi kuelezwa kwa haki bila ya wapagazi, na kwamba mkoa wetu, ambao vita hii iliupitia mwanzo na mwisho, una wajibu wa kuwataja kabla ya kumtaja mwingine yeyote.

Tuanzie kaskazini. Agosti 1914, vita ilipotangazwa Ulaya, walowezi wa Kizungu wa nchi inayoitwa leo Kenya walimiminika Nairobi wakiwa na bunduki zao za kuwindia na farasi wao wa mashambani. Hapo ndipo kilipoundwa kikosi kilichoitwa East African Mounted Rifles. Walikuwa mia kadhaa tu, na kila kundi lilijichagulia jina lake: wako waliojiita Bowker's Horse, na wako waliochukua jina la Monica, binti wa gavana wa wakati huo. Walidhani vita itakwisha upesi, na walidhani farasi ndiye atakayewafikisha kwa Mjerumani haraka. Novemba 3, 1914, walishiriki kuushambulia mlima Longido, upande wetu wa mpaka, siku zile zile ambazo jeshi jingine la Kiingereza lilikuwa likishindwa vibaya Tanga. Huko Longido wapanda farasi walilazimika kushuka na kupigana kwa miguu katika mawe na miiba, na kufikia jioni shida kubwa kuliko risasi ilikuwa maji. Jeshi lilirudi nyuma usiku. Baada ya hapo kikosi hiki kiliendelea kupungua, maradhi yakichukua baadhi ya watu na wengine wengi wakipewa vyeo katika vikosi vingine, hata kufikia 1917 kilikuwa kimebaki jina. Wajerumani nao walikuwa na walowezi wao waliopanda farasi kaskazini, na hao pia hawakuwa nguzo ya vita yao. Nguzo ilikuwa askari Mwafrika aliyetembea.

Waingereza hawakukata tamaa na farasi. Februari 1916, Jenerali Jan Smuts alifika kutoka Afrika Kusini kuchukua uongozi, naye hakuwa mgeni wa tandiko. Katika vita vya Makaburu na Waingereza, mwaka 1901, Smuts mwenyewe aliongoza wapanda farasi waliopenya hadi ndani ya Koloni la Rasi, na Jacob van Deventer alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1915 Afrika Kusini iliiteka nchi ambayo leo ni Namibia, na wapanda farasi ndio waliowazunguka Wajerumani jangwani hadi wakasalimu amri mwezi Julai. Basi makamanda hawa walikuja na imani iliyojengwa na ushindi wa kweli, kwamba adui akikaa mbele yako, mzunguke kwa farasi ufike nyuma yake kabla hajajua. Brigedi za wapanda farasi zikaletwa kwa meli hadi Mombasa. Mwanzoni mwa Aprili, van Deventer akatoka Arusha na brigedi yake, akauzingira mlima Lolkisale na kuyashika maji ya hapo, na kikosi cha Wajerumani kilichokuwa juu kikajisalimisha. Aprili 19 aliingia Kondoa Irangi. Ukitazama ramani peke yake, hiyo ni safari ya kustaajabisha, zaidi ya kilomita mia mbili katika majuma mawili hivi. Lakini waliofika Kondoa juu ya farasi walikuwa wachache mno kuliko walioondoka Arusha, kwa kuwa mamia ya wanyama walikuwa wamekufa njiani. Mvua za masika zikaifunga barabara nyuma yao. Brigedi iliyotumwa kwa sababu ya wepesi wake ikakaa Kondoa hadi Julai, ikishambuliwa na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, mwezi Mei na ikila kile kilichoweza kuletwa na binadamu waliovuka tope kwa miguu.

Kilichowaua farasi kilikuwa kinajulikana. Daktari David Bruce alikuwa amekwisha kuonyesha huko Zululand, katikati ya miaka ya 1890, kwamba ugonjwa wa nagana unaletwa na kimelea kinachoishi katika damu, na kwamba mbung'o ndiye anayekisambaza kutoka kwa mnyama mmoja hadi kwa mwingine. Wanyama wa porini kama nyati na pofu wanaweza kuishi nacho. Farasi hawezi. Akishang'atwa hupata homa, huvimba tumbo na miguu, hukonda huku akiendelea kula, kisha huanguka. Juu ya nagana kulikuwa na maradhi mengine ya farasi yaletwayo na visubi, hasa wakati wa mvua. Wafugaji wa nchi hii walikuwa na elimu hiyo kabla ya daktari yeyote kuiandika: walijua bonde lipi si la kupitisha ng'ombe, na pori lipi lisichezewe. Kwa hiyo kusema kwamba jeshi lilishtukizwa na ardhi si sahihi. Jeshi lilijua, likakubali hasara, likaendelea kuagiza farasi na nyumbu wengine wafe badala ya wale waliokufa. Wanyama waliopotea katika vita hii, farasi, nyumbu, punda na ng'ombe wa mikokoteni, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Sasa mnyama akishakufa, mzigo wake hauendi naye kaburini. Risasi zile zile, unga ule ule, hema, dawa na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande lazima vifike mbele. Hapa naomba tupige hesabu polepole, kwa maana ndani ya hesabu hii ndimo ilimo siri ya vita nzima. Chukua mpagazi mmoja mwenye mzigo wa kilo 25. Mpe unga kilo moja kwa siku, ambao ni posho ya kawaida tu kwa mtu anayefanya kazi ngumu. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, amekwisha kula kilo 20, na kinachomfikia askari ni kilo tano. Safari ikifika siku kumi na mbili na nusu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kilo 25 zote zimekwisha tumboni mwake na hakuna kilichofika. Hiyo ndiyo sababu ya majeshi kuongeza wapagazi juu ya wapagazi, na vituo juu ya vituo, na pale hesabu iliposhindikana, kupunguza posho ya mpagazi au kuchukua chakula cha vijiji vya njiani. Sasa ongeza farasi katika hesabu hiyo. Farasi wa vita anahitaji nafaka kilo nne au tano kwa siku, mbali na majani. Mzigo mzima wa mpagazi mmoja unamlisha farasi mmoja siku tano au sita, basi. Akiwa hai alikula kazi ya watu. Akifa, watu hao hao walibeba alichokuwa amebeba.

Matokeo yake yamo katika kumbukumbu za jeshi lenyewe. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika kipindi cha vita, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia Kaskazini (Zambia ya leo), Kongo, Afrika Magharibi na kutoka nchi yetu hii kila wilaya ilipotekwa. Wanajeshi wa Kiingereza wa rangi zote waliokufa katika vita hii walikuwa takriban 11,000. Wapagazi waliokufa, kwa hesabu rasmi, walikaribia 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi ya kweli ilipita laki moja. Kwa hesabu hiyo ya chini, kila askari mmoja aliyekufa alifuatwa na wapagazi zaidi ya wanane. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa ya mapafu, na malaria, na unga uliopikwa haraka bila maji ya kutosha, na kulala kwenye mvua bila blanketi. Wapagazi wa Wajerumani hawakuandikwa kwa uangalifu hata huo, na wengi walichukuliwa kijijini bila mkataba wala mshahara. Njaa nayo ilifuata nyayo za majeshi. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana, njaa iliyoitwa Mtunya iliua watu kwa maelfu mwishoni mwa vita na baada yake.

Tushuke sasa huku kwetu. Mpaka unaoipitia Tunduma ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wa Julai 1, 1890, ukiwakata Wanyamwanga pande mbili bila kuwauliza. Vita ilipozuka, mstari huo ukawa uwanja wa mapambano. Upande wa pili, karibu na Nakonde ya leo, palikuwa na boma la Kiingereza lililoitwa Fife, kwenye njia ya zamani iliyounganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na upande huu Wajerumani walikuwa na vituo vyao, mojawapo Igamba katika Mbozi. Mwishoni mwa Mei 1916, wakati van Deventer amekwama Kondoa, Jenerali Edward Northey alivuka mpaka huu akiwa na safu nne kutoka Karonga, Fort Hill, Fife na Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala. Ndani ya siku chache Neu Langenburg, yaani Tukuyu, ikawa mikononi mwake, na mwisho wa Agosti alikuwa Iringa. Katika jeshi la Northey walikuwamo watu wa British South Africa Police, polisi ambao nyumbani kwao Rhodesia walijulikana kwa kupanda farasi. Huku kwetu kwa sehemu kubwa walipigana kwa miguu. Mbele yao walikwenda askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na polisi wa Rhodesia Kaskazini, na nyuma yao, katika vichochoro vya milima ya Ileje na Rungwe, msafara wa tengatenga, kama wapagazi walivyoitwa Nyasaland na Rhodesia, ukienda na kurudi kila siku ya vita.

Mwisho wa vita nao ulipita hapa. Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck, akirudi kutoka Msumbiji na kuzunguka kaskazini mwa Ziwa Nyasa, alifika misheni ya Wamoravian ya Mbozi. Kutoka hapo alivuka mpaka, akaishambulia Fife mwanzoni mwa Novemba bila kuiweza, akapita na kuingia Kasama Novemba 9. Habari kwamba vita imekwisha Ulaya zilimfikia kwenye mto Chambeshi Novemba 13, na Novemba 25 akaweka silaha chini Abercorn. Tazameni nani alikuwa naye siku hiyo. Wazungu hawakufika mia mbili. Askari walikuwa zaidi ya 1,100. Wapagazi walikuwa wapatao 1,500, pamoja na wanawake waliokuwa wamepika, wamezaa na kuzika njiani kwa miaka minne. Upande wa Waingereza, King's African Rifles walikuwa wamekua kutoka batalioni tatu mwaka 1914 hadi batalioni 22, huku maelfu ya askari Wazungu wa Afrika Kusini wakiwa wamerudishwa kwao tangu mwisho wa 1916 kwa maradhi na uchovu. Vita iliyoanza na mapambo ya wapanda farasi Nairobi ilimalizwa Mbozi, Fife na Kasama na Waafrika waliotembea.

Mtaalamu wa mambo ya jeshi anaweza kunipinga hapa. Atasema kwamba wapanda farasi walifanya walichotumwa. Lolkisale ilianguka kwa sababu yao, Kondoa ikatekwa kwa sababu yao, na bila mwendo ule Reli ya Kati isingekatwa Dodoma mwezi Julai 1916. Hoja hiyo ina uzito na siikatai. Mwendo wa Aprili 1916 ulikuwa kazi ya ujasiri na uliwafanya Wajerumani wahamishe majeshi yao. Lakini lengo la Smuts halikuwa kuteka miji tu. Lilikuwa kumzunguka Lettow-Vorbeck na kummaliza, kama ilivyofanyika Namibia. Hilo halikutokea Kondoa, halikutokea Morogoro mwezi Agosti, wala halikutokea kabisa, kwa maana kila duara lilipokaribia kufungwa, wafungaji walikuwa wamebaki bila farasi, bila chakula na bila nguvu. Mbinu ya kijeshi hupimwa kwa lengo lake. Kwa kipimo hicho farasi alifungua milango mingi na hakuufunga hata mmoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Atasema mwingine: hata kama farasi wasingeletwa, wapagazi wangehitajika. Jeshi la Northey halikutegemea farasi, nalo pia lilitafuna watu. Ni kweli kabisa, na kweli hiyo inatusaidia kuilenga hoja vizuri. Kosa halikuwa la mnyama. Kosa lilikuwa namna ya kupanga vita ambayo mwendo wa mbele unaamuliwa kwanza, kisha mzigo unatafutiwa mtu wa kuubeba baadaye, na mtu huyo hahesabiwi katika hasara. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa aliyepanga safari mezani, kilo 25 juu ya kichwa cha Mnyiha au Mndali zilikuwa tarakimu. Farasi aliizidisha gharama hiyo kwa nafaka yake na kwa kufa kwake, na zaidi ya hapo aliificha, kwa sababu macho ya watu humfuata anayepita mbele kwa fahari. Ndiyo maana nasema kumweleza mpanda farasi bila mpagazi ni kueleza nusu ya jambo.

Na kuficha huko hakukuishia kwenye vita. Kuliendelea katika malipo na katika kumbukumbu. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika koloni lao, waliokuwa bado hai katika nchi yetu. Inasimuliwa kwamba wazee walipojitokeza, wachache tu walikuwa na cheti, basi aliyetumwa kulipa akawakabidhi ufagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, nao wakalifanya bila kukosea. Mwili wa askari ulikuwa cheti chake. Lakini mpagazi angeonyesha nini? Kubeba mzigo hakuna amri za Kijerumani, na kovu la utosini au mgongo uliopinda halikuwa ushahidi mbele ya mlipaji yeyote. Upande wa Waingereza, mishahara ya wapagazi waliofia njiani, ambayo hakuna aliyefika kuichukua, ilibaki hazina. Maafisa kadhaa wa huku waliomba fedha hizo zitumike kwa faida ya jamii za marehemu, mjadala ukavutwa miaka mingi, na London haikukubali. Ukienda Nairobi utakuta sanamu tatu za shaba za kumbukumbu ya vita ile, na mojawapo ni ya mpagazi mwenye mzigo wake. Dar es Salaam, sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927 inamwonyesha mtu mmoja tu, mwenye bunduki na singe. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, ambayo wapita njia wachache husimama kuyasoma. Kwenye Chambeshi, Zambia iliupokea mnara uliojengwa mwaka 1953 kukumbuka mahali vita ilipokoma, na leo unalindwa kama urithi wa taifa.

Kuna pingamizi la tatu, na hili hutoka kwa watu wetu wenyewe. Wanasema hiyo ilikuwa vita ya wakoloni wawili waliogombea nchi isiyo yao, waliobebeshwa mizigo walibebeshwa kwa nguvu, kwa hiyo kuwajengea kumbukumbu ni kuitukuza vita ya wageni. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa sababu wanakataa kudanganywa na gwaride la mwingine. Lakini kumkumbuka mtu aliyelazimishwa si kumsifu aliyemlazimisha. Tunawakumbuka waliokufa katika Vita vya Majimaji, waliopigana kwa hiari yao. Wale waliokufa miaka kumi baadaye wakiwa na kamba ya mzigo begani hawakupewa nafasi ya kuchagua, na hilo linaongeza deni letu kwao. Tena tukiwaacha, historia yao itabaki kuandikwa na wale wale walioandika habari za farasi, ambamo mtu wa Songwe anaonekana kama njia ya kupita tu. Kijana wa Momba au Mbozi anayesoma kwamba vita ilipita kwao ana haki ya kujua pia kwamba babu wa babu yake ndiye aliyeipitisha.

Urithi wa vikosi vya farasi wenyewe uko hai, na ni vyema tuutaje kwa usawa. Jeshi letu la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na farasi wake wanafanya kazi ya maana katika kutuliza umati na katika doria. Wanaishi kwa sababu wana banda safi, chanjo, daktari wa mifugo na kazi inayolingana na uwezo wao. Hapo ndipo somo la 1916 linapoonekana limeeleweka, kwamba chombo chochote, kiwe mnyama au mashine, hufaa pale tu anayekituma anapoijua ardhi na kuigharamia. Somo hilo linaihusu Tunduma ya leo kuliko mji wowote ninaoufahamu, kwa maana Tunduma ni mji wa mizigo. Mizigo hiyo inapita kwa reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, kwa barabara kuu ya kwenda Zambia, na kwa kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019. Malori yanajipanga foleni, na pembeni yake kuna watu wa toroli, wa bodaboda na wa kubeba kichwani, ambao bila wao soko la Tunduma na la Nakonde lisingefunguka asubuhi. Tunapozungumzia biashara ya mpaka tunataja tani, mapato na muda wa lori kuvuka. Ni haki tutaje pia afya ya anayebeba, ujira wake na kinga yake anapoumia, kwa kuwa uzoefu wa vita ile umetuonyesha mwisho wa mpango usiomhesabu mbebaji.

Atakayeuliza fedha zitoke wapi kwa ajili ya kumbukumbu wakati kuna vijiji visivyo na maji, anauliza swali la haki, na jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji saruji. Mkoa wetu ulipozaliwa mwaka 2016 ulipata nafasi ya kujieleza upya. Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi kinawaleta wageni kila mwaka, na maelezo ya vita vya mpaka yanaweza kuwekwa mahali hapo hapo bila kujenga jumba jipya. Misheni ya Mbozi, Igamba na njia ya kwenda Fife zinaweza kuwekewa vibao vinavyosema nani alipita, lini, na nani alibeba. Walimu wa historia wanaweza kuwatuma wanafunzi wakaulize koo zao majina ya waliokwenda na hawakurudi, kwa Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali, Kiwanda na Kibungu, kabla ya wazee waliosimuliwa na wazazi wao hawajaondoka. Halmashauri ya Tunduma na wenzao wa Nakonde, ambao watu wao ni ndugu wa damu, wanaweza kuchagua Novemba 25 iwe siku ya kuyasoma majina hayo pande zote mbili za mpaka kwa pamoja. Vikosi vya farasi vina orodha zao, zimehifadhiwa Nairobi, Pretoria na London, na hakuna anayetaka kuzifuta. Orodha ya wapagazi wa Songwe bado inaweza kuandikwa, na wanaoweza kuiandika ni sisi, mwaka huu, kwa daftari na kalamu.